Picha nzuri kuliko zote nilizopiga Korogwe ndiyo iliyonikosesha Kasiani

Wakuu, hamjambo humu ndani. Nanyi wadogo, marahaba hata kabla hamjanisalimu, maana sidhani kama kuna wa kunizidi umri katika jukwaa hili.

Mimi ni bibi, nakaa Korogwe. Akaunti hii nimefunguliwa na mjukuu wangu Zuhura. Wiki nzima nimekuwa nasoma nyuzi zenu za wapiga picha, mnavyogombana kuhusu kamera kama mnagombea shamba la urithi, nikaona na mimi niseme langu. Ninayoandika ni kweli tupu. Asiyeamini apite salama, sina ugomvi naye.

Zuhura anasema niandike aya fupifupi la sivyo hamsomi. Haya.

Kuna mmoja wenu aliandika kwamba hapa kwetu watu wameanza kujifunza mwanga wa picha juzijuzi, kwa YouTube. Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Mwanangu, mimi nilifundishwa mwanga enzi za Mwingereza, picha ya Malkia ikiwa ukutani, na kitu cha kwanza nilichofundishiwa kilikuwa chungu cha kupikia.

Tuanze mwanzo.

Kwetu ni Mazingara, Handeni. Mwaka mmoja mvua zilikataa, mahindi yakakauka yakiwa usawa wa magoti, mama akanileta Korogwe kwa mjomba ili nyumbani apungue mlaji mmoja. Nilikuwa msichana mkubwa, tena nimesoma mpaka darasa la nne, jambo ambalo kwa binti wa Kizigua wakati ule watu walikuwa wanalisimulia njiani.

Mjomba alikuwa fundi cherehani, anashonea barazani karibu na stesheni. Mlango wa pili kulikuwa na studio ya Mgoa mmoja, mtu mzima aliyetoka Goa huko India, tukimwita Fundi Anselmo.

Fundi Anselmo alikuwa na shida. Wanawake wa Kiislamu walitaka sana kupigwa picha, ila hawakutaka mwanamume awaguse. Na picha ya wakati ule bila kumgusa mtu haipigwi. Lazima umgeuze kidevu, umshushe bega, umpange kanga ianguke vizuri. Akamwomba mjomba amwazime mpwa wake, niwe nawapanga wanawake.

Mjomba alifikiri siku nne. Mkewe akamwambia aache ushamba, ukuta wenyewe ni mmoja, nikikohoa atanisikia. Basi nikaingia.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Paa la bati lilikuwa limekatwa upande mmoja na kuwekwa vioo, na chini ya vioo kulikuwa na pazia la marekani nyeupe linalovutwa kwa kamba. Huo ndio ulikuwa umeme wetu. Jua likiwa kali unavuta pazia, wingu likija unalifungua, na ikifika saa saba mchana unafunga kazi kwa sababu mwanga unamwangukia mtu utosini na macho yanakuwa mashimo.

Nikawa napanga wanawake. Lakini kila Fundi akiingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi cha kamera, roho yangu inaingia naye. Siku moja katoka nje kuongea na mteja, na mimi nikaingiza kichwa. Wakuu, nikaona kiti kimening'inia kichwa chini, rangi zote zipo, kimetulia kwenye kioo. Nilisahau hata kutoka. Fundi akanikuta humo humo.

Hakunigomba. Kesho yake akaleta chungu cheusi, akakiweka kwenye kiti cha wateja, akaniambia nikitazame.

Wiki mbili nilitazama chungu. Kila nikipita ananiuliza mwanga umeingilia wapi, umeishia wapi, kivuli kimeanzia wapi. Nikijibu vibaya anavuta kamba kidogo, ananiambia nitazame tena. Mkaza mjomba akaanza kusema huyu Mgoa kamroga mtoto wa watu, mtu mzima anakaa kutazama chungu kisichopikwa.

Siku ya mwisho nilijibu yote sawa. Akasema, "Sasa binadamu ni chungu chenye aibu." Akaniachia kamba.

Mniwie radhi, nikimkumbuka Fundi Anselmo huwa napoteza njia. Nirudi.

Alikuwa na sheria moja ambayo mimi niliiona ya kizee. Kila mteja lazima apigwe mwili mzima, amekaa kitini, miguu pamoja, mikono juu ya magoti, vidole vimefunguliwa. Hasa manamba, wale waliotoka mbali kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Mgoa yule alikuwa anaacha kamera, anamwendea mtu, anamfungua kidole kimoja kimoja kama anayehesabu. Hakuwahi kuniambia kwa nini, na mimi sikuwahi kuuliza. Nilidhani kila fundi ana wazimu wake.

Sasa naingia pale panapouma.

Kasiani alikuwa mtu wa Songea. Alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Mazinde, kwenye ile mashine inayochana majani. Kila baada ya miezi kadhaa akimaliza kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, anapanda treni anakuja Korogwe kupiga picha ya kumpelekea mama yake.

Mara ya kwanza nilimwona amevaa koti la studio. Tulikuwa na koti moja la kuazima wateja, na yeye alikuwa mrefu, mikono ya koti ikaishia katikati ya njia. Watu wengine huona haya. Yeye alijitazama kwenye kioo akacheka mwenyewe mpaka Fundi akashindwa kupiga.

Mara ya tatu mimi ndiye niliyekuwa navuta kamba. Akaniambia leo nimpunguzie weusi. Nikamjibu weusi wake mama yake anaujua, nikiupunguza atasema nimempelekea mtoto wa mwenzake. Akanitazama. Kuanzia siku ile ikawa anakuja hata kama hana picha ya kupiga, anakaa barazani kwa mjomba anajidai anashonesha suruali. Suruali moja ilishonwa kiraka mara nne.

Nilimpenda, wakuu. Sina sababu ya kuzunguka, nina umri huu nimwogope nani? Treni ya kutoka Mombo, ile anayokuja nayo, ikipiga honi, mimi mikono inapoteza kazi.

Mimi Mwislamu, yeye Mkatoliki. Tulilijua hilo. Alimwendea mjomba kiume, akasema nia yake. Mjomba akanuna mwezi mzima, halafu akachoka kununa, akasema kijana alete kwanza neno la kwao, ndipo yeye ataenda Mazingara kuzungumza na mama yangu. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinasubiri barua ya Songea.

Hapo hapo Fundi Anselmo akasafiri kwenda kwao Goa kwa meli, miezi mingi. Studio akamwachia ndugu yake kutoka Nairobi, kijana anaitwa Filipe.

Filipe alikuwa fundi wa aina nyingine kabisa. Huko Nairobi alikuwa anapiga Wazungu. Alipotazama picha zetu ukutani, watu wote mikono magotini, akasema hizi ni picha za polisi.

Lakini alijua kazi, na nitamsifu mpaka nife. Yeye ndiye aliyenifundisha kusogea karibu. Alinifundisha kwamba ngozi nyeusi haimwagiwi mwanga, inaguswa kwa pembeni. Fundi Anselmo alikuwa anawafuta watu mafuta usoni na kuwapaka poda. Filipe akasema acha mafuta hapo hapo, mwanga unatafuta pa kukaa, upe paji la uso, upe shavu. Upande wa pili acha kivuli kifanye kazi yake. Akanionyesha kutega shuka jeupe ili kivuli kisiwe shimo. Akanionyesha kutafuta ile nukta ya mwanga kwenye jicho, na kusubiri mpaka mtu asahau kwamba yupo mbele ya kamera.

Nyie mnaita portrait. Sisi tulisema picha ya uso.

Nililewa. Nasema kweli, nililewa. Nikawa naona watu njiani nawapanga kichwani. Mkaza mjomba alikuwa anaongea na mimi jikoni, moto umemmulika upande mmoja, mimi sisikii hata neno, natazama shavu tu. Picha za Fundi Anselmo nikaanza kuziona kama nguo za mtumba.

Kasiani akaja kupiga picha ya kwenda na ile barua. Nikamwomba Filipe aniachie mimi, nipige peke yangu tangu mwanzo hadi mwisho. Akakubali, akatoka kabisa nje.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, mvua ndogo imetoka kunyesha, vioo vimeoshwa. Mwanga wa namna ile unaupata mara chache kwa mwaka. Kasiani akaenda kukaa kama alivyozoea, mikono magotini. Nikamwambia leo sitaki mikono, nataka uso.

Akasema, "Mama atatafuta mikono."

Nikacheka. Nikamwambia, "Akiuona uso wako nitakavyoupiga mimi, mikono ataisahau."

Akacheka na yeye, akakubali, kwa sababu alikuwa ananipenda na alikuwa anaona nilivyo na hamu. Alijua zaidi yangu, lakini alitaka kunifurahisha. Hilo ndilo limenikaa kooni miaka yote hii.

Nikavuta pazia nusu. Nikamgeuza kidevu mimi mwenyewe. Nikategesha shuka. Nikasubiri. Kuna kitambo kidogo alipotazama dirishani na akasahau kila kitu, hata mimi. Nikapiga.

Niliposafisha ile picha kwenye chumba cha giza, uso wake ukaja polepole ndani ya maji, nikakaa chini. Nimepiga picha miaka arobaini baada ya hapo. Sijapata tena kama ile. Filipe akasema hata yeye hajawahi. Tukatoa nakala mbili, moja ya Songea, moja akaitundika mlangoni.

Kosa la pili nililifanya kwa kalamu.

Barua zote za nyumbani Kasiani alikuwa anaandika mwenyewe, kasoma misheni. Mama yake hajui kusoma, anasomewa na katekista wa kijijini. Safari hii nikasema niandike mimi. Nilitaka mama mkwe aone kwamba mkamwana wake ana mwandiko mzuri! Kasiani akasema maneno, mimi nikaandika: kwamba amepata mchumba, kwamba anaomba baraka, kwamba mwaka huu hatarudi nyumbani, atabaki huku huku. Tukatia picha ndani ya bahasha, tukaipeleka posta tukitembea taratibu kama wenye mji.

Fundi Anselmo alirudi mwezi uliofuata. Kabla hata hajatua mzigo aliiona ile picha mlangoni. Akaitazama muda mrefu sana. Mimi nikasubiri sifa.

Akasema, "Nzuri sana. Mikono iko wapi?"

Nikamweleza mambo ya Filipe, mambo ya pembeni na kivuli. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu ndipo akanieleza, kwa upole, kitu ambacho manamba wote walikuwa wanakijua na mimi wa Handeni sikukijua. Kwenye mashine ya mkonge watu walikuwa wanaacha mikono. Kijana anaondoka kwao mzima, anarudi na mkono mmoja, au harudi kabisa kwa aibu. Kwa hiyo picha ikifika Songea au Mahenge au kokote walikotoka, mama haangalii uso kwanza. Anahesabu vidole. Akimaliza kuhesabu ndipo anatazama kama mwanawe amenenepa.

Akaniuliza kama picha imeshakwenda. Nikasema imekwenda. Akauliza barua kaandika nani.

Hapo ndipo nilipoelewa. Wakuu, jiwekeni nyinyi kule kijijini. Imekuja picha haina mikono, kwa mara ya kwanza tangu kijana aondoke. Barua si mwandiko wake. Na ndani inasema harudi.

Nikamtumia Kasiani salamu aje haraka tupige nyingine. Fundi akaandaa tayari sahani ya kioo, ile ya kunasia picha ndani ya kamera. Lakini kabla Jumapili haijafika, baba yake mdogo alikuwa ameshashuka Mazinde.

Alitoka Songea kwa lori na kwa miguu na kwa treni. Watu walinisimulia kwamba alipofika kwenye kambi ya wafanyakazi hakumsalimia mtu. Alimkuta Kasiani anakula, akamshika mikono yote miwili pamoja na chakula kilichomo, akaketi chini akalia.

Kesho yake walikuja wote wawili studio. Nilimpigia mzee magoti, nikasema shikamoo. Akaitikia bila kunitazama usoni, alikuwa anatazama mikono yangu. Fundi Anselmo akamkaribisha kiti, akamwomba radhi, akasema kosa ni la studio, na papo hapo atampiga Kasiani mwili mzima na vidole vyote, picha iende leo leo.

Mzee akakataa. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. Akasema mama wa kijana hali chakula. Kila anayepita anamuuliza kitu kimoja: "Nani anamlisha mwanangu?" Katekista kamsomea barua mara tatu, akamwambia si mwandiko wa kijana, na mama anasema basi ni wa mtu anayemlisha. Akasema picha haiwezi tena kumsaidia, kwa sababu sasa anaamini picha zinaficha. Anataka kushika.

Nikasema mimi ndiye niliyepiga na mimi ndiye niliyeandika. Nilitaka anikaripie. Akasema, "Umempiga vizuri, mwanangu. Tulidhani ni picha ya kuagana."

Kasiani aliondoka siku ya tatu. Kipande chake alikuwa amekimaliza, hakuwa na sababu ya kuzuiwa. Aliniambia anaenda kumpa mama yake mikono aishike mpaka ashibe, halafu anarudi na baraka, mvua za vuli hazitamkuta Songea. Tulisimama pale lori linapopakia, mjomba yupo, watu wapo, hatukuweza hata kushikana. Lori lilikwenda kwa njia ya Handeni, njia ya kwetu. Nilikaa nikiwaza sasa anapita nyumbani kwa mama yangu, na mama hajui hata kutoka nje kumpungia.

Barua moja ilikuja, mwandiko wake mwenyewe. Mama anamshika mikono kutwa, hata kisimani wanakwenda wote. Atakuja. Ya pili ikasema mama ni mgonjwa, nivumilie. Ya tatu haikuja.

Nilingoja vuli. Nikangoja masika. Mama yangu alipopata habari alisema tu niendelee na kazi. Kila treni ya Mombo ikiingia, mimi navuta kamba ya pazia bila sababu na kuharibu mwanga wa mteja wa watu. Fundi Anselmo alikuwa anajua. Anafunga kifuniko cha kamera, anasubiri treni iondoke, anaanza upya.

Kwa nini sikumfuata? Wapo watakaouliza. Binti wa Kizigua wakati ule, peke yake, mpaka Songea, kumfuata mwanamume ambaye hajamtolea hata posa? Na nikifika nimwambie nini yule mama, kwamba mimi ndiye yule mwandiko?

Uhuru ukaja. Fundi akauza, akahama. Mimi nikaolewa na mtu mwema wa Mashewa, Mungu amrehemu, akaniacha nifanye kazi yangu ya picha, tukazaa watoto sita. Sikumdanganya. Alijua kuna mtu wa Songea, na hakuwahi kunitania kwa hilo hata siku moja. Sikuishi maisha mabaya, msinionee huruma ya hivyo.

Lakini hamu ni kitu kingine. Hamu haiulizi kama umeolewa vizuri.

Sasa somo, maana najua mnangoja somo. Mtajifunza mwanga kwa mafundi wakubwa, na mjifunze, Filipe alikuwa sahihi kwa kila alichonifundisha. Ila kabla hujambadilishia mtu picha yake, muulize itatazamwa na nani, na huyo mtazamaji anatafuta nini. Mimi nilijitazamia mwenyewe. Na mkubwa wako akiwa na sheria usiyoielewa, muulize sababu siku ile ile, usikae unamcheka moyoni.

Ile nakala ya mlangoni ninayo mpaka leo. Zuhura ameniambia niiweke hapa, nimekataa, mtaniwia radhi. Uso upo vile vile, na ile nukta kwenye jicho ipo. Zile picha za zamani za mwili mzima zote zilikwenda kwa mama yake, na vile vioo vya kutolea nakala zake Fundi alivikwangua akaviuza kwa watu wa fremu.

Nikifumba macho namwona mpaka mabegani. Mikono yake siikumbuki, wakuu. Nimejaribu. Mtu niliyetaka kuolewa naye, na sijui vidole vyake vilikuwa virefu au vifupi.

Kwa hiyo karibuni mseme yenu, hata mnaotaka kunigomba. Lakini hasa nawaomba nyie wa Songea. Kama nyumbani kwenu kuna babu aliyekuwa anaitwa Kasiani, mrefu, aliyewahi kufanya kazi ya mkonge upande wa Mazinde, nitafuteni inbox. Simtafuti tena yeye, najua hesabu za umri. Naomba picha yake moja ya uzeeni tu, amekaa kitini, mwili mzima. Iwe imepigwa kwa simu, iwe imetikisika, iwe na mwanga mbaya kiasi gani, sitasema neno.